Aliyekosa Yote

Kitanda cha kamba cha Bibi Hadija kililia kwiii, kikanyamaza, kikalia tena.

Hajira alifumbua macho gizani. Adhana ya alfajiri ilikuwa bado, na mwanawe mdogo, Shaban, alikuwa amelala na titi mdomoni. Kile kitanda cha upande wa pili wa ukuta alikijua kama alivyokijua kikohozi cha mama yake. Mama akijigeuza kililia mara moja, kwa uvivu. Asmaa, binti yake mkubwa, aliyelala na bibi yake tangu aachishwe ziwa, akijigeuza hakikulia kabisa, kwa jinsi alivyokuwa mwepesi. Lakini mlio wa sasa ulikuwa wa watu wawili walioamka na kuketi kitako.

Akazuia pumzi.

"...na mwalimu akikuuliza?" Ilikuwa sauti ya bibi, ya chinichini.

Asmaa alijibu kitu ambacho hakikufika.

"Basi, hivyohivyo. Na mama yako asijue. Umenisikia, mke mwenza? Asijue."

Kitanda kikalia, watu wakalala. Hajira ndiye aliyebaki macho. Mwalimu. Mama yako asijue. Maneno hayo ukiyaweka pamoja, na katikati yake ukamweka binti wa darasa la saba, ni mama gani asiyejua yanazaa nini? Yeye alikuwa anajua kuliko wengi. Alipelekwa Nachingwea kusoma sekondari, akapangishiwa chumba na wenzake wawili, na hata kidato cha pili hakukimaliza. Alirudi kijijini Matambarale na Asmaa tumboni. Mume aliyempata baadaye, Isihaka, alimlea Asmaa kama wake, lakini siku hizo alikuwa amehamia shambani Malolo kupulizia mikorosho dawa. Nyumbani walibaki wanawake na mtoto mchanga.

Na kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mtihani wa kumaliza darasa la saba.

Kulipokucha alimtazama Asmaa akifagia uwanja. Alitafuta usoni mwake hofu au aibu, chochote cha kushika. Asmaa alifagia vizuri, akamwamkia, akachukua ndoo. Vizuri mno, Hajira aliona.

Bombani alimkuta Sofia, jirani yake, mama wa kijana mmoja wa darasa lilelile, Halfani. Sofia alikuwa mtu wa maneno; ukitaka kujua jambo usiulize, simama naye tu kwenye foleni.

"Shoga," Hajira alianza taratibu, "wewe huyu Mwalimu Agapiti unamwonaje?"

"He! Nimwoneje? Mimi simwoni, ndiyo shida yangu." Sofia akatua ndoo, maana maneno haya hayakufaa kusemwa na mzigo mkononi. "Tangu aje huyu mtu, umewahi kuona matokeo ukutani? Zamani yalikuwa yanabandikwa, tunajua wa kwanza nani, wa mwisho nani, tunacheka, tunarudi majumbani. Yeye anamwita mzazi mmojammoja, ananong'ona naye kama mganga."

"Anasema mtoto asiaibishwe."

"Aibu gani? Halfani wangu aibu haimjui. Na yale madawati, kila Jumatatu anawahamisha watoto, wa mbele nyuma, wa nyuma mbele. Mtoto wa mwenyekiti kakaa nyuma kabisa na mtoto wa yule mama asiye na kitu kakaa puani kwa ubao. Eti haki."

"Na hachapi," Hajira alisema, akijisikiliza mwenyewe.

"Hachapi! Wangu anarudi na makalio laini kama katoka harusini. Mwalimu asiyechapa anataka nini, Mama Asmaa? Mtu hakupendi bure." Sofia akasogea karibu. "Juzi kaja kwangu. Una ndugu Ruangwa mjini? Ana nyumba? Vyumba vingapi? Mlango wa mbele unatazama wapi? Mwalimu wa hesabu, mlango wa shangazi yangu unamhusu nini? Mimi nasema ni Freemason."

"Sofia jamani. Freemason aje huku kutafuta nini, korosho?"

"Cheka tu. Wenzako hucheka mpaka siku ya siku."

Hajira alicheka kweli, lakini kicheko hakikudumu. Kwake pia mwalimu aliwahi kuuliza habari za ndugu wa mjini. Tena mwezi uliopita, baada ya darasa la jioni la watu wazima ambalo Hajira alihudhuria na mtoto mgongoni, alimsimamisha mlangoni akamwuliza, "Mama Asmaa, nyumbani kwenu kuna nini?" Alijibu hakuna kitu. Mwalimu akamtazama kidogo zaidi ya ilivyostahili, akaenda zake. Alimtazama hivyo kwa sababu gani?

Mchana hakula. Alimfunga Shaban mgongoni, akaenda shuleni.

Alimkuta Mwalimu Agapiti peke yake darasani, akiyatenganisha madawati kwa ajili ya kesho, moja huku, moja kule, ili mtoto asimwone mwenzake. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, shati limelowa mgongoni. Hajira hakuingia. Alisimama kizingitini, mahali ambapo yeyote anayepita njiani angemwona.

"Karibu, Mama Asmaa. Pita ukae."

"Nimeshakaribia, Mwalimu. Swali langu ni la kusimama." "Una nini na mwanangu?"

Mwalimu aliweka dawati chini. Hakushtuka kama mtu aliyefumaniwa. Alishtuka kama mtu aliyetanguliwa.

"Mimi nilikuwa natafuta namna ya kukuuliza wewe hilohilo."

"Mimi ni mama yake!"

"Ndiyo maana." Akavuta kiti, akakaa mbali na mlango, mikono juu ya magoti ionekane. "Asmaa kapata sifuri kwenye mtihani wa majaribio."

"Wa hesabu?"

"Wa masomo yote."

Hajira akaona anadanganywa. Asmaa alikuwa akikokotoa bei ya ufuta kichwani kabla mnunuzi hajatoa simu mfukoni. "Haiwezekani. Au umemfanya nini mpaka akili imemtoka?"

"Nisikilize, kisha unitukane." Mwalimu aliinuka, akachukua kipande cha chaki, akachora ubaoni viduara vitano kwa mstari. "Majibu yako hivi. Mtoto anasiliba kimoja, yaani anakijaza kwa penseli. Sasa mchukue mtoto asiyejua kitu, mfunge macho, mwambie asilibe chochote. Atapata baadhi. Bahati haimnyimi mtu kila kitu. Halfani alilala nusu ya mtihani wa sayansi, nilimwona, na bado kapata kadhaa. Asmaa hakupata hata moja. Unajua ni mtoto gani anayeweza kukosa yote?"

Hajira alitazama viduara. Shaban alijinyoosha mgongoni, akatulia. Jibu lilimjia polepole, kama maji yanavyojaa kwenye kisima cha mchanga.

"Anayeyajua yote," alisema.

"Ili kila mara uliruke jibu la kweli, lazima kwanza ulione. Darasa zima hakuna aliyefanya mtihani ule vizuri kama yeye." Mwalimu alifuta ubao kwa kiganja. "Kuna mtu kamwambia afeli. Mambo haya huku kwetu yapo, usiniambie huyajui. Mtoto anaambiwa jaza ovyo, usichaguliwe, ubaki nyumbani. Wa kwako ameambiwa akose, naye kwa utii wake amekosa mpaka amezidisha. Nilidhani ni wewe."

"Mimi? Mimi ninayekaa kwenye dawati lako hilo hapo jioni, na mtoto mgongoni, natafuta kile nilichokipoteza?"

"Wapo wanaotaka kusoma wao na hawataki watoto wao wasome. Ningejuaje? Niliogopa nikikwambia utakwenda kumfundisha kufeli vizuri zaidi, apate mawili matatu, nisigundue tena."

Wakatazamana. Hajira alihisi kicheko na machozi vinagombea njia moja.

"Kwa nini hukumwuliza mwenyewe?"

"Nilimwuliza. Akalia. Sikumwuliza tena." Akakaa. "Mimi kwetu ni Kilimarondo. Nilipokuwa wa umri wake tulikuwa tunalala mashambani kufukuza tembo, tunapiga madebe mpaka kunakucha. Asubuhi nafika shule, nasinzia, nachapwa. Kila siku nachapwa kwa kosa la kusinzia, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyeniuliza usiku nilikuwa wapi. Siku niliyoshika chaki nilijiapiza kwamba mimi nitauliza kwanza. Shule inayompima mtoto bila kuuliza anatoka wapi, hiyo si shule, ni mnada. Lakini wa kwako nimemwuliza na sikupata jibu, na kesho hata humu sitaruhusiwa kuingia. Wasimamizi wanatoka shule nyingine. Atakuwa peke yake na penseli yake."

Hajira aligeuka kuondoka, akasita. Hakuwa amemwamini bado, si kwa ukamilifu. Lakini alijua sasa kile kitanda kililia kwa ajili ya nini.

"Njoo nyumbani kabla ya magharibi," alisema. "Na uje kwa njia ya mbele, watu wakuone."

Bibi Hadija alikuwa kibarazani akipepeta mtama. Asmaa alikuwa kwenye kamba ya nguo, ameshika sketi yake ya shule iliyolowa.

"Mama," Hajira alisema, hata kanga ya mgongoni hajaifungua. "Nani kamwambia Asmaa afeli?"

Ungo haukusimama. "Nani kakwambia kafeli? Si matokeo ya mwalimu wenu ni siri?"

"Mama."

"Mimi." Bibi akapuliza makapi. "Nimemwambia mimi, na radhi yangu nimeiweka hapohapo. Akienda kinyume, siku yangu ikifika asije kunizika."

Hajira akakaa chini. Neno radhi katika nyumba ile halikuwa neno la kurukwa. Mtoto aliyekosa radhi ya bibi yake, hata akipanda juu namna gani, watu wangekuwa wakimtazama miguuni wakingoja aanguke. Sasa alielewa jinsi Asmaa alivyofagia vizuri mno asubuhi. Mtoto alikuwa ameubeba mzigo ule miezi yote, na yeye mama yake, aliyelala ukuta mmoja naye, alikuwa akimtafuta mwizi shuleni.

"Kwa nini, Mama?"

"Unaniuliza wewe?" Sasa ungo ulisimama. "Nilikupeleka Nachingwea mwenyewe, sanduku lako la bati kichwani kwangu. Nikakuacha kwenye chumba chenye mlango ambao hata mbuzi angeusukuma. Nikarudi nasifiwa njia nzima, Hadija kapeleka mtoto sekondari. Sifa hizo hata hazijapoa, ukarudi." Alimtazama Asmaa pale kwenye kamba, sauti ikashuka. "Huyu ni baraka yangu, Mungu anajua. Lakini baraka ile ilikuja kabla ya wakati wake, na wewe ndiye uliyelipa. Sasa mnataka nibebe sanduku jingine?"

Asmaa hakupata pa kutazama. Ndipo waliposikia, "Hodi wenyewe!"

Mwalimu alikuja kwa njia ya mbele kweli, na nyuma yake, hatua chache, Sofia alikuwa amesimama akijifanya anaita kuku.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibu, Mwalimu Asiyechapa. Kaa hapo kwenye mwanga, nikuone."

Mwalimu alikaa kwenye kigoda, magoti yakamfika kidevuni. Bibi alimpitia macho toka viatuni hadi utosini kama mtu anayekagua gunia la korosho kabla ya kulinunua.

"Wanasema una imani yako kuhusu shule."

"Ninayo, bibi. Naamini mtoto wa maskini ana haki ya kusoma sawa na wa tajiri, na wa kike sawa na wa kiume."

"Maneno mazuri. Hata redioni yapo. Na wanasema huwa unauliza mtoto kalala wapi. Basi na mimi nakuuliza. Asmaa akifaulu, atalala wapi?"

Sekondari ilikuwa mbali, kila mtu alijua. Bweni halikuwapo. Watoto walipanga vyumba kwa watu, wakapika wenyewe, wakajifungia wenyewe.

"Bado sijapata jibu," Mwalimu alisema. "Nimezunguka kijiji kizima nauliza nani ana ndugu Ruangwa mjini mwenye nyumba ya kuaminika. Nauliza vyumba, nauliza milango. Nimepata nyumba moja yenye chumba kikubwa. Mlinzi wa kukaa na mabinti sijapata."

"Kumbe ndicho ulichokuwa unapimia nyumba za watu!" Bibi alicheka bila furaha. "Wenzio wanasema wewe Freemason."

Kule kwa kuku, Sofia alikohoa.

"Basi tumemaliza," bibi alisema, akauchukua ungo wake. "Chumba bila mlinzi nilishawahi kukipanga. Nakijua."

Hajira alimtazama mama yake, mikono ile juu ya ungo. Mikono ile ilikuwa imewapokea mabinti wote wa eneo lile walipovunja ungo. Bibi Hadija alikuwa kungwi. Kila msimu wa unyago alijifungia na mabinti nyumbani, akawatunza, akawafunda, akawatoa mbele za watu wakiwa wazima na wameng'aa mafuta.

"Mama, wale mabinti zako wa unyago..."

"Hajira! Mambo ya ndani mbele ya mwanamume?"

Mwalimu aligeuza kigoda haraka, akawapa mgongo, akakaa akiwatazama kuku.

"Sisemi ya ndani. Nasema ya mlangoni. Mabinti wakiwa ndani, mlangoni hulala nani?"

"Mimi. Nani mwingine?"

"Kuna kijana aliyewahi kupita?"

"Apite wapi?" Bibi aliudhika. "Nalala nimeutega mguu. Panya akipita naamka, sembuse mtu."

"Na mabinti huwa wako peke yao, au wa nyumba mbalimbali?"

"Wa nyumba zote. Mlango ukishakuwa na mtu, unalinda wote walio nda..." Alikuwa ameuona mtego, lakini mguu ulikuwa umeshaingia.

Mtama ulikuwa umetulia kwenye ungo.

"Nikalale mlangoni Ruangwa?" bibi aliuliza. "Mimi? Mtu mzima na kitanda changu?"

"Kitanda tutakibeba," Hajira alisema.

"Kuku wangu?"

"Nitawalisha."

"Utawalisha wewe ambaye ukishika daftari unasahau hata ugali jikoni."

"Mama Hadija," Sofia alipaza sauti kutoka njiani, kujificha kumemshinda, "kama ni kweli, na mpwa wangu Hafidha yumo! Kuku nitalisha mimi!"

"Wewe utawala!" bibi alimrudishia. Kisha akamgeukia mwalimu. "Geuka, baba, yamekwisha ya ndani. Sikiliza. Sijasema naenda. Nitakwenda kwanza nikaione hiyo nyumba kwa macho yangu. Nimwone mwenye nyumba, nimwone na mkewe, niusukume mlango kwa bega langu. Nikiona kitu kisichonikalia sawa, narudi na watoto wote, na wewe nakuketisha hapohapo kwenye hicho kigoda mbele ya kijiji."

"Nitakaa, bibi."

"Utakaa, ndiyo. Sikuamini bado. Mtu asiyechapa simwelewi." Akauweka pembeni ungo, akajifuta viganja. "Asmaa. Njoo."

Asmaa aliiacha sketi kwenye kamba, akaja akapiga magoti. Bibi alichovya vidole kwenye kata ya maji, akampangusa uso kutoka paji hadi kidevu, midomo ikicheza na dua ambayo hakuna aliyeisikia.

"Niliiweka kwa mdomo huu," alisema, "naiondoa kwa mdomo huuhuu. Radhi yangu unayo, kokote uendako."

Hajira alimtazama binti yake kwa wasiwasi uleule wa asubuhi. Mtoto aliyeweza kukosa yote bila uso kubadilika, nani ajue sasa moyoni ameshika lipi? Kesho angekuwa chumba kimoja na watu wasiomjua, na hakuna bibi, hakuna mama, hakuna mwalimu.

"Umesikia, mwanangu?"

Asmaa alitikisa kichwa kukubali.

"Usinitikisie kichwa. Sema, tukusikie wote."

Asmaa alimtazama bibi yake, kisha mwalimu, kisha akamtazama mama yake machoni, maji bado yanamchuruzika kidevuni.

"Kesho nitasiliba majibu ya kweli."